Corolla ya shangazi iliyogoma kusogea

Jirani alikuwa na Land Cruiser, kamba nene ilikuwepo, na vijana wa kusukuma walishakusanyika. Corolla ya shangazi ilikuwa imesimama chini ya mwembe uani kwake, Raskazone, Tanga, tangu alipoacha kuendesha kwa ajili ya mtoto wa jicho. Sasa macho yametibiwa, anasoma namba za mabasi kutoka mbali, na anataka gari lake. Walipojaribu kulisukuma halikutikisika hata kidogo. "Breki zimejam tu hizo," akasema jirani. "Tulivute mara moja, zitaachia zenyewe."

Nikawaomba wasubiri. Sikatai, kuna wakati kuvuta kunatosha. Gari lililolala nje wiki mbili tatu za masika ukiliwasha na kulisogeza mbele kidogo, nyuma kidogo, utasikia "tak!" na limeachia. Hiyo ni kutu ya juu juu, na breki zenyewe zinaifuta ukikanyaga mara chache. Lililokaa miaka ni habari nyingine. Nimekulia jirani na gereji moja ya Ngamiani na nimeyaona magari yaliyovutwa kwa nguvu. Lainingi, ile sehemu ya msuguano, inabanduka kutoka kwenye shuu yake, kile chuma kilichopinda kinachoibeba, na kubaki imegandia ndani ya dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, halafu vipande vyake vinakatika na kulikaba gurudumu upya, safari hii likiwa barabarani. Au gurudumu haliviringiki kabisa, tairi linaburutwa mpaka linalika upande mmoja. Na hata likiachia, aliyevuta anashangilia kazi imekwisha, kumbe alichopata ni gari linalosogea. Linalosimama bado hajalipata.

Nikampigia simu mzee mmoja, fundi aliyekwishaacha kazi, ambaye nilipokuwa kijana nilikuwa namshikia taa anapoingia chini ya magari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Za huko?"

"Njema. Mzee, nina Corolla ya miaka ya 90 hapa, diski mbele, dramu nyuma. Imekaa sana. Magurudumu yote manne hayaendi."

"Yote manne hayawezi kuugua ugonjwa mmoja. Liulize kila moja peke yake: limeshikwa na kutu, limeshikwa na waya, au limeshikwa na mafuta?"

Kazi yote iliyofuata ilikuwa kujibu swali hilo mara nne.

Kwanza kulikuwa na kizuizi ambacho hakikuhusu breki. Gari ni otomatiki, na betri ilikuwa imekufa. Magari mengi ya namna hii hayaruhusu gia itoke kwenye P, ile ya kuegesha, bila umeme, na likiwa kwenye P magurudumu ya mbele hayaendi, hata breki ziwe nzima kama zilivyotoka kiwandani. Watu wengi huanza kugonga kalipa, kile kifaa kinachobana diski, hapo. Pembeni ya mkono wa gia kuna kifuniko kidogo. Ukikibandua na kubonyeza kwa bisibisi ndani yake, gia inaachia. Tukaweka N, gia huru. Mawe tukawa tumeshayakaza mbele na nyuma ya matairi kabla ya hapo, kwa sababu gari ambalo halisogei leo ndilo litakalosogea ghafla ukiwa umelala chini yake. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Gari linakaa juu ya stendi, na kama huna stendi, azima.

Pale Raskazone bahari iko karibu, na kusi ikivuma inaleta chumvi mpaka kwenye vioo vya madirisha. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa usiku na kuushikilia, na kivuli cha mwembe, ambacho kila mtu anaamini kinalitunza gari, kinachelewesha jua kulikausha asubuhi. Dramu na diski ni chuma cha kusubu, hakina rangi pale msuguano unapopita, na kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula. Kwa hiyo inajaza kile kiupenyo chembamba kati ya lainingi na dramu hadi hakuna upenyo. Juu ya hayo, shangazi alilifungia gari kama alivyofundishwa zamani chuo cha udereva: handibreki juu, imara. Shuu za nyuma zilikaa zimebanwa kwenye dramu muda wote huo.

Gurudumu la nyuma kushoto ndilo lililokula siku. Tulishusha handibreki ndani ya gari, tukalegeza na nati ya kurekebishia waya chini ya kile kiboksi cha katikati, gurudumu likabaki lilivyo. Kwa hiyo huenda si waya. Tairi likatoka, ikabaki dramu, nyekundu kwa kutu, imekaa kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Hapo nyundo inaruhusiwa, ila kuna mahali pake. Unagonga uso wa dramu, katikati ya stadi na stadi, zile bolti zinazoshika gurudumu, pande zote kwa zamu, kwa mapigo mafupi. Ukingo wa nje haupigwi. Chuma cha kusubu hakipindi, kinapasuka, na ufa mwingine hauonekani mpaka siku dramu itakapopata moto. Moto nao hatukuutumia, ingawa kijana mmoja alishafuata mtungi wa gesi. Ndani ya dramu kuna silinda ndogo yenye sili za mpira na mafuta ya breki, na vyote viwili havipendi ndimi za moto.

Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye meno usoni. Wengi wanadhani ni mapambo, au huyaona yamejaa uchafu wasiulize. Ni ya kutolea dramu. Unasafisha meno yake kwa brashi ya waya, unaingiza bolti mbili za milimita 8, zile zenye kichwa cha spana namba 12, na unakaza moja nusu mzunguko, kisha nyingine nusu mzunguko, kisha unagonga. Ukikaza moja peke yake dramu inakwenda upande na kujibana zaidi. Tuliweka tone la mafuta ya kulainishia kutu pale dramu inapokaa kwenye habu, kidogo tu, yasichuruzike ndani kwenye lainingi. Ilipoachia kwenye habu ilitoa mlio uliomfanya shangazi atoke jikoni.

Lakini haikutoka. Ilisogea upana wa kidole ikakwama. Dramu iliyotumika muda mrefu inachimbika pale shuu zinapopita, na ukingoni kunabaki tuta. Shuu zikiwa zimepanuka, tuta hilo linazishika kutoka nyuma. Dawa yake ni kurudisha adjasta, kifaa kinachozipanua shuu. Nyuma ya sahani ya breki kuna kitundu chenye kizibo cha mpira. Unapitisha bisibisi mbili, moja inasukuma kile kijino kinachozuia, nyingine inazungusha gurudumu dogo la meno. Adjasta yetu ilikuwa imeshikana kwa kutu, haikuzunguka. Ikabaki njia ya mwisho: shuu zinashikiliwa kwenye sahani na pini mbili nyembamba, na vichwa vya pini hizo viko nje, nyuma ya sahani. Ukivikata kwa tindo, shuu zinalegea na kutoka pamoja na dramu. Pini na springi zake ni vitu vya bei ndogo, vinauzwa pamoja. Nikavikata bila kusikitika.

Ndani tulikuta shuu moja imeachia lainingi yake yote. Lainingi ilikuwa imebaki kwenye dramu, imenata kote. Nikamwita jirani aje aone kile ambacho kamba yake ingekivunja na kukiacha humo humo. Aliangalia, akasema, "Kweli bwana," akakaa kwenye ndoo kutusaidia mpaka jioni.

Jambo moja nalisema kwa ukali kila ninapoona dramu inafunguliwa: msipulize vumbi lile, si kwa mdomo, si kwa kompresa. Lainingi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na huwezi kuijua kwa macho. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa. Gereji zetu karibu zote zinapuliza, na wanaovuta hewa ile ni vijana wa kushika taa, kama nilivyokuwa mimi.

Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa jepesi. Tulipousukuma waya wa handibreki urudi nyuma, likazunguka lenyewe. Waya ulikuwa umeota kutu ndani ya ala yake, pale chini inapopinda na maji hutuama. Watu humimina oili juu yake na kuuvutavuta mpaka unatembea. Utatembea, ndiyo, hadi siku utakaposhindwa kurudi tena. Tukaandika waya mpya kwenye orodha ya vitu vya kununua.

Mbele kushoto ndipo swali la mzee lilipofanya kazi vizuri zaidi. Kalipa imebana diski, haitikisiki. Je, ni kutu, au ni mafuta yaliyonaswa? Kipimo chake ni kufungua ile nati ndogo ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa. Kama mafuta yamenaswa yakiwa na nguvu, yataruka na gurudumu litalegea papo hapo. Kama gurudumu halilegei, pistoni yenyewe, kile kipande kinachosukumwa na mafuta kubana diski, imeshika ndani ya tundu lake. Nati hizi hukatika kirahisi, kwa hiyo zilikuwa zimelala na dawa ya kutu usiku kucha, zikapigwa brashi, zikagongwagongwa kidogo, na tulitumia spana ya duara. Spana ya mdomo ingeizungusha kona. Mafuta yakachuruzika polepole, meusi. Gurudumu likabaki pale pale. Pistoni.

Kutoa pistoni iliyoshika, watu wana njia nyingi, na nyingi zinaharibu: koleo, bisibisi, upepo wa kompresa. Upepo ni wa hatari kweli, pistoni ikiachia ghafla inaruka na inaweza kuponda vidole. Nguvu bora tayari ipo kwenye gari: pedeli. Unaifunga nati ya upepo tena, unaacha kalipa ikiwa bado kwenye paipu yake, unaitoa kwenye diski, unaweka kipande cha ubao mbele ya pistoni, na mtu anakanyaga taratibu. Mafuta yanasukuma pistoni sawasawa kutoka nyuma, bila kuikwaruza. Ikikaribia kutoka unaweka chombo chini. Mafuta ya breki yakigusa rangi ya gari yanaibandua, kwa hiyo ndoo ya maji ikae karibu.

Pistoni ilitoka ikiwa na madoa ya kutu sehemu ya nje tu, nje ya pale sili inapoteleza. Hiyo inasafishika kwa msasa laini uliolowekwa mafuta ya breki. Ingekuwa na vishimo pale sili inapopita, ningeitupa. Sili na kifuniko cha mpira cha kuzuia vumbi vilibadilishwa vyote.

Mbele kulia gurudumu lilizunguka kwa kukwaruza. Pini ambazo kalipa inateleza juu yake zilikuwa kavu, na moja ilikuwa imeshika. Tukazitoa, tukazisafisha, tukazipaka grisi ya silikoni inayofaa mipira. Grisi ya kawaida ya bearingi inavimbisha mipira ile, na ukifanya hivyo utairudia kazi.

Mafuta ya breki ndiyo yaliyotuletea mabishano. Jirani, kwa nia njema kabisa, alileta chupa ya oili ya usukani: "Si mafuta ni mafuta?" Sivyo. Mafuta ya breki ya kawaida, yale yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4, hayana undugu na oili. Ukitia oili humo, hata kidogo, mipira yote inavimba, kuanzia masta silinda, ile inayosukumwa na pedeli, hadi kwenye silinda ndogo za nyuma, na baada ya hapo breki zinashika zenyewe au zinapotea. Tena mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. Yakichemka kwenye mteremko mrefu unapata mvuke ndani ya paipu, na mvuke unabonyea: pedeli inazama na gari halisimami. Maji hayo hayo ndiyo yanayootesha kutu ndani ya kalipa wakati gari limelala. Kwa hiyo tulitoa yote ya zamani. Na chupa tuliyonunua ilikuwa ndogo, yenye lakiri. Ile iliyo wazi kwenye rafu ya duka kwa miezi imeshakunywa hewa ya Tanga ya kutosha.

Vifaa vyenyewe, yaani shuu, waya, vifaa vya kalipa na vya silinda ndogo, ndugu alivitafuta Gerezani, Dar es Salaam, akavipakia kwenye basi. Tulimpelekea vya zamani kwa picha, na zile pini zilizokatwa pia. Corolla za miaka ile zinafanana kwa nje na kutofautiana kwa ndani, muuzaji anataka kuona.

Katika kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye paipu za breki, mkanyagaji alikuwa shangazi mwenyewe. Alikataa kijana yeyote akae kwenye kiti chake. "Kanyaga! Shikilia!" "Nimeshika!" Nati inafunguliwa, upepo na mafuta machafu vinatoka kwenye mpira hadi ndani ya chupa, nati inafungwa. "Achia!" Tukaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa gari lenye usukani kulia ni la nyuma kushoto. Chini ya pedeli nilikuwa nimeweka kipande cha ubao ili isifike sakafuni. Masta silinda ya gari lililokaa ina sehemu ya mbele ambayo mipira yake haijapita miaka mingi, na huko kuna kutu na uchafu. Ukikanyaga mpaka mwisho, mipira inapita juu ya huo uchafu na kuchanika, na wewe unashangaa breki zilizokuwa zinakuja vizuri saa moja iliyopita zimekwenda wapi. Gereji nyingi zinaua masta silinda namna hiyo kisha zinamuuzia mwenye gari mpya.

Betri, petroli mpya na matairi sina la kusimulia, vilinunuliwa. Siku ya kuwasha injini, nilimwambia shangazi akanyage pedeli kabla hajageuza ufunguo, aendelee kuikandamiza. Ilishuka kidogo injini ilipopata uhai. Hiyo ni alama kwamba kifaa kinachousaidia mguu kinafanya kazi.

Uani tulikwenda mwendo wa miguu, tukasimama, tukarudi. Halafu barabara ya Bombo, asubuhi, kabla bodaboda hazijajaa. Halafu mpaka Pongwe na kurudi. Tuliporudi nilipita kila gurudumu na kulisogezea kiganja, kwa mbali kwanza, kisha karibu na rimu. Matatu yalikuwa na joto la kawaida. La mbele kulia, lile lililokuwa jepesi kuliko yote mwanzoni, lilikuwa linaunguza, na tone la maji lilichemka juu ya diski.

Nikalinyanyua. Halizunguki. Nikafungua nati ya upepo, mafuta yakaruka, gurudumu likalegea mkononi. Jibu la tatu la mzee, mafuta yaliyonaswa. Paipu ya mpira inayokwenda kwenye kalipa ilikuwa imevimba kwa ndani kwa uzee. Nje ilionekana nzima, haina ufa. Mguu una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite pale palipoziba, lakini pedeli ikiachiwa hakuna kinachoyarudisha kwa nguvu ile. Ugonjwa huu haujitokezi kwenye gari lililolala. Mpaka breki zikanyagwe kweli, safari baada ya safari. Ndiyo maana siku ya kwanza gurudumu lile lilizunguka.

Paipu za mbele zilibadilishwa zote mbili, maana za umri mmoja. Zikatolewa upepo upya, tukaenda Pongwe tena, na magurudumu yote manne yakarudi sawa.

Tuliloshindwa kukubaliana na shangazi ni handibreki. Ninamwambia, uani kwako ni tambarare: ukilaza gari siku nyingi weka P, weka jiwe mbele na nyuma, handibreki iache chini, na kila wiki lisogeze kidogo. Yeye anasema amefundishwa na mwalimu wake wa udereva kwamba gari bila handibreki ni gari linalotafuta mtu wa kuua. Kwa sasa anavuta handibreki na anaweka jiwe pia, lakini Jumamosi hulitoa gari kwenda sokoni, kwa hiyo sijamgombeza.